Nani Asubiri? Foleni Ndani ya Ruta ya Jengo Moja Makole

Yeye aliwasikia vizuri. Wao ndio hawakumsikia.

Binti alikuwa ameketi katika chumba kidogo cha nyuma cha jengo moja la biashara hapa Makole, Dodoma, chumba ambacho mwenye jengo hukikodisha kwa saa kwa watu wanaohitaji utulivu wa kufanya mkutano au usaili kwa njia ya video. Wasaili walikuwa Dar es Salaam. Maswali yao yalimfikia bila mkwaruzo wowote, lakini majibu yake yalifika kwao yakiwa yamekatikakatika. "Dada, tunakupata kwa vipande," alisema mmoja wao kwa upole. Baada ya muda akarudia maneno yaleyale, na safari hii upole ulikuwa umepungua. Binti akazima kamera kama alivyoelekezwa, akasogeza kiti karibu na dirisha, akaanza upya jibu alilokwisha kulitoa, na kila alipolianza upya lilizidi kupoteza mpangilio wake. Mimi nilikuwa kwenye korido juu ya ngazi, nikipitisha waya wa mtandao kuelekea kwenye printa ya steshenari, na mlango wake ulikuwa wazi kwa sababu ya joto la Oktoba.

Chumba cha pili kutoka hapo, kijana mwenye studio ya video alikuwa akipakia mtandaoni video ya sendoff ambayo mteja wake alikuwa akiisubiri. Faili lilikuwa kubwa, kazi ilikuwa halali, na kodi ya chumba pamoja na intaneti alikuwa amelipa kama wapangaji wenzake.

Sikumwona wa kulaumiwa.

Jambo hilo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Mtu anapokosa kusikika katika dakika ambazo huenda zikaamua maisha yake ya miaka mingi ijayo, na hakuna kifaa kilichoharibika, wala waya uliokatika, wala mpangaji aliyevunja kanuni, basi kuna uamuzi uliopitishwa mahali fulani bila mtu yeyote kuupitisha. Nilitaka kujua uamuzi huo ulikuwa umekaa wapi.

## Kasi ilikuwepo

Mwenye jengo alinionyesha simu yake. Kipimo kilisomeka megabiti 20 kwa sekunde za kupakua na megabiti 4 za kupakia, sawasawa na anavyolipia. "Fundi, kasi ninayo na risiti ninayo," alisema. "Sasa niambie kama ninunue kifurushi kikubwa zaidi."

Mafundi wengi tungemjibu ndiyo, kwa sababu jibu hilo halimgharimu fundi chochote. Mimi naliona ni jibu baya. Faili linalopakiwa halina kiasi ambacho likikipata linaridhika: itifaki ya TCP, yaani kanuni za mawasiliano zinazobeba sehemu kubwa ya mafaili ya intaneti, huongeza mwendo hatua kwa hatua mpaka ipate dalili kwamba njia imejaa. Ukimpa kijana wa studio megabiti 8 atazijaza nane, tena bila yeye mwenyewe kukusudia, na msaili aliyeko Dar es Salaam ataendelea kusikia vipande, ingawa kwa muda mfupi zaidi kwa kila faili.

Niliunganisha kompyuta yangu kwa waya moja kwa moja kwenye ruta, kifaa kinachogawa intaneti ndani ya jengo, nikaanza kutuma pingi, yaani ujumbe mfupi wa kupima muda wa kwenda na kurudi, kwenda kwenye seva ya kwanza ya mtoa huduma. Mtandao ukiwa umetulia, jibu lilirudi kwa milisekunde 12. Nikamwomba kijana wa studio aanze kupakia faili lolote. Namba zikaanza kupanda mbele ya macho yetu wote wawili: 90, 340, 800, kisha zikatulia karibu na 1,500. Nilipomwomba asitishe, zilishuka hadi 12 kabla hajaondoa mkono kwenye kipanya.

"Ina maana ni mimi?" aliuliza.

Nilimwambia hapana, na nilimaanisha hivyo.

## Sekunde moja na nusu ukutani

Hesabu yake ni fupi. Data husafiri kwa vipande viitwavyo pakiti, na pakiti kubwa ya kawaida ina baiti 1,500, yaani biti 12,000. Kwenye laini inayopakia megabiti 4 kwa sekunde, pakiti moja huchukua milisekunde 3 kutoka. Kuchelewa kwa milisekunde 1,500 kuna maana kwamba mbele ya kila pakiti mpya kulikuwa na pakiti nyingine zipatazo 500 zikisubiri zamu ndani ya kisanduku cha mtoa huduma kilichofungwa ukutani, ambacho bafa yake, yaani kumbukumbu ambamo pakiti husubiri, ni kubwa kuliko laini inayoihudumia.

Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 450, hivyo safari yenyewe inahitaji milisekunde mbili na kitu. Hata ukiongeza mizunguko ya mkongo na vituo vya njiani, bado ni milisekunde chache. Sauti ya yule binti ilisubiri ukutani, hatua chache kutoka alipoketi, muda ambao ungetosha kwenda Dar es Salaam na kurudi zaidi ya mara mia tatu. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake la G.114, linaeleza kwamba mazungumzo huenda vizuri kuchelewa kwa upande mmoja kusipozidi milisekunde 150. Yeye alikuwa na mara kumi ya hapo kabla sauti haijatoka nje ya jengo.

Hii pia ndiyo sababu aliwasikia vizuri. Upande wa kupakua ulikuwa na nafasi tele. Uliojaa ni wa kupakia. Mteja wako akikwambia kwamba anasikia lakini hasikiki, anza kutafuta huko kabla hujagusa maikrofoni.

Kwa nini kisanduku kiwe na bafa kubwa kiasi hicho? Kwa sababu kumbukumbu ilishuka bei, na kwa miaka mingi kupoteza pakiti kulichukuliwa kuwa aibu ya mtengenezaji. Lakini mtandao tunaoutumia ulijengwa juu ya kupotea kwa pakiti. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, sehemu mbili zilizoachana kwa umbali usiofika mita 400, kasi ilianguka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40 kwa sekunde kwa sababu ya msongamano. Mtafiti wa mitandao Van Jacobson alichunguza anguko hilo, na tiba aliyoichapisha mwaka 1988 ndiyo inayotuendesha hadi leo: kompyuta inayotuma ikiona pakiti imepotea, ichukulie kwamba njia imejaa, ipunguze mwendo.

Sasa fikiria bafa ambayo karibu haipotezi pakiti hata moja. Habari ya msongamano haimfikii mtumaji. Anaendelea kusukuma, foleni inarefuka, na kila mtu mwingine anayepita hapo anasubiri nyuma yake. Mtaalamu wa kompyuta Jim Gettys aliliona tatizo hili nyumbani kwake Marekani mwaka 2010, akalipigia kelele hadharani, na pamoja na Dave Täht, aliyefariki mwaka 2025, wakawakusanya watu wa kulifanyia kazi. Ninamkumbuka Täht kwa shukrani kila ninapofungua ruta, kwa sababu kazi yake aliiacha wazi kwa yeyote kuitumia, na imefika hadi kwenye ruta za bei ndogo tunazonunua hapa mjini.

## Foleni isiyopitisha kitu

Ruta ya jengo ni ya kampuni ya MikroTik, na nilipoingia ndani yake nilikuta fundi aliyenitangulia alikwisha kuandaa foleni. Aliipa jina lililoeleza wazi kwamba ni ya chumba cha usaili, akaandika anwani ya IP ya chumba hicho, yaani namba inayokitambulisha kwenye mtandao, akaiwekea kipaumbele cha 1, ambacho kwenye vifaa hivi ndicho cha juu kabisa, 8 kikiwa cha chini. Kwa kuitazama tu ungesema kazi imekwisha.

Nikatazama hesabu ya baiti zilizopita ndani yake. Kilobaiti chache.

Chumba kilikuwa kimetumika kwa miezi, na foleni yake ilikuwa imeona data isiyotosha hata picha moja ya simu. Sababu ilikuwa kwenye orodha ya kanuni za ngome (firewall), inayoamua data ipi ipite, katika kanuni ya FastTrack ambayo huja pamoja na mipangilio ya awali. FastTrack huchukua muunganisho uliokwisha kukubaliwa na kuupitisha njia ya mkato ili kuipunguzia ruta kazi, na njia hiyo ya mkato inazipita kando foleni za kawaida. Jambo hili limeandikwa wazi kwenye maelezo ya mtengenezaji, na lengo lake ni zuri kabisa kwa mtu asiyetumia foleni. Kwa mtu anayezitumia, foleni zake zinabaki kuwa maandishi kwenye skrini.

Nilipoizima kanuni hiyo, baiti zikaanza kuhesabika, lakini sauti haikutengemaa. Hapo nilikumbuka jambo la pili, ambalo naliona likisahaulika zaidi kuliko hilo la kwanza. Namba ya kipaumbele kwenye mfumo huu hufanya kazi pale tu foleni kadhaa zinapokuwa chini ya foleni mama moja yenye kikomo cha kasi, kwa kuwa kipaumbele ni swali la nani aanze kugawiwa kilichobaki, na pasipo kikomo hakuna kinachogawiwa. Foleni ya chumba cha usaili ilisimama peke yake, bila mama na bila kikomo. Ilikuwa ya kwanza katika mstari usio na mtu wa pili.

Kwa hiyo kabla ya swali la nani apite kwanza, kuna swali lingine: foleni iko wapi? Ikiwa pakiti zinasubiri kwenye kisanduku cha mtoa huduma, upangaji wowote unaoufanya kwenye ruta yako haugusi kitu, kwa sababu kwako wewe hakuna anayesubiri. Inabidi uihamishe foleni ije kwako, na namna ya kuihamisha ni kuibana ruta itume polepole kidogo kuliko laini inavyoweza. Niliibana kupakia iwe megabiti 3.6 badala ya 4, na kupakua megabiti 17 badala ya 20. Mwenye jengo hakufurahi hata kidogo kusikia kwamba namwondolea sehemu ya alicholipia. Nilimweleza kwamba sehemu hiyo ndiyo bei ya kuwa na usemi juu ya zilizobaki. Upande wa kupakua usemi wenyewe ni wa mzunguko: pakiti zimekwisha kuvuka laini zinapokufikia, na unachoweza ni kudondosha chache ili seva iliyo mbali ipunguze mwendo. Ndiyo maana upande huo hubanwa zaidi.

## Orodha ya mwenye jengo

Baada ya foleni kuhamia kwetu, mwenye jengo aliniletea karatasi. Alikuwa amepanga kwa namba: chumba cha usaili, ofisi yake, ofisi ya mshauri wa biashara wa ghorofa ya juu, steshenari, studio, na mwisho kabisa Wi-Fi ya ukumbi wa mbele, ambako wanafunzi hukaa na kompyuta zao kwa malipo madogo.

Kiufundi orodha ile ingeingia kwenye ruta kwa muda mfupi sana. Niliiweka mfukoni nikaondoka nayo.

Nilichokuwa nikisita ni hiki. Upangaji wa kipaumbele kamili, ambapo foleni ya pili haiguswi mpaka ya kwanza iishe, una tabia inayojulikana: wa juu akipata kazi ya kutosha, wa chini wanakufa njaa. Wataalamu waliopanga madaraja ya huduma kwa ajili ya sauti waliliona hilo. Daraja la kupitishwa haraka, linalotambulika kwa alama namba 46 kwenye kichwa cha pakiti, yaani maelezo yanayotangulia data yenyewe, lilielezwa mwaka 2002 katika RFC 3246, mmoja wa nyaraka zinazoeleza kanuni za intaneti, na mantiki yake inadai kwamba anayeingia daraja hilo awe amewekewa kiwango, la sivyo atawameza wote walio nyuma. Na alama yenyewe huandikwa na programu inayotuma. Programu yoyote inaweza kujiandikia 46, na ikivuka nje ya mtandao wako hakuna kinachomlazimisha mtoa huduma aiheshimu.

Lakini kilichonizuia zaidi ni watu waliokuwemo kwenye karatasi. Nilipoisoma tena nyumbani niliona kwamba imepangwa kwa kufuata nani alikuwa karibu wakati inaandikwa. Mwenye jengo alikuwepo, kwa hiyo ofisi yake ni ya pili. Mshauri wa biashara alipita akasalimia, kwa hiyo ni wa tatu. Wanafunzi hawakuulizwa. Nimewaona wanafunzi hao kipindi cha maombi ya mikopo ya elimu ya juu, mtu amebeba bahasha ya vyeti, anapakia nakala moja baada ya nyingine huku tarehe ya mwisho ikikaribia, na sidhani kama ofisi ya ghorofa ya juu ina jambo la dharura kuliko hilo.

Halafu nikajiuliza kinyume chake: mimi ni nani hata nipange upya? Nikimweka mwanafunzi juu ya mshauri, nitakuwa nimeandika orodha nyingine kwa huruma yangu, na kesho atakuja fundi mwenye huruma tofauti.

Hapo ndipo nilipokwama kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

## Mashine ya kusaga

Kilichonitoa ni kitu ambacho kila mtu aliyekulia vijiji vya huku kwetu, Bahi au Kongwa au Mpwapwa, amekiona. Kwenye mashine ya kusaga anakuja mtu na magunia kumi ya mahindi juu ya mkokoteni, na nyuma yake anakuja mtoto aliyetumwa na mama yake akiwa na kilo mbili kwenye mfuko. Msagaji mwenye akili hamwambii mtoto asubiri magunia kumi yaishe. Anasaga gunia, anasaga za mtoto, anarudi kwenye magunia. Hakuuliza mtoto ni wa nani. Aliangalia mzigo tu, na mwenye magunia hakupoteza kitu cha kuonekana.

Foleni ya haki ndani ya ruta hufanya karibu hivyohivyo. John Nagle aliiandika mwaka 1985 katika RFC 970, akipendekeza kwamba kila mtumaji awe na foleni yake na zihudumiwe kwa zamu, ili mwenye pupa arefushe foleni yake mwenyewe. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakaleta CoDel, inayoacha kuhesabu pakiti ngapi zinasubiri na kupima badala yake kila moja imesubiri muda gani: ikiwa kwa milisekunde 100 mfululizo hata iliyosubiri kidogo kuliko zote imezidi milisekunde 5, inaanza kudondosha, na inadondosha kwa vipindi vinavyozidi kufupika mpaka watumaji wasikie. Kuziunganisha hizi mbili kumetupa FQ-CoDel, iliyowekwa rasmi kwenye RFC 8290 mwaka 2018. Inagawa mikondo, yaani mfululizo wa pakiti za mawasiliano mamoja, katika foleni 1,024, na mkondo mwembamba unaoingia bila kuacha mrundikano hupewa zamu kabla ya ule uliorundikana.

Sauti ya mazungumzo ni mkondo mwembamba kwa maumbile yake. Kwa kodeki (mbinu ya kugeuza sauti kuwa data) ya zamani ya G.711 ni pakiti 50 kwa sekunde, na pamoja na vichwa vyake vya IP haizidi kilobiti 80 kwa sekunde. Haihitaji mtu kuiombea. Inapita mbele kwa sababu ni ndogo na haing'ang'anii.

Hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta. Binti wa usaili anapata nafasi yake, na mwanafunzi wa ukumbini akipiga simu kwa wazazi wake Singida anapata nafasi ileile kwa sababu ileile, bila jina la yeyote kati yao kuandikwa kwenye ruta.

## Mwenye mikondo mingi

Haki ya mkondo kwa mkondo bado ina mwanya. Kompyuta moja ikifungua mikondo 30 kwa wakati mmoja, kama zinavyofanya programu za kushirikiana mafaili na baadhi ya masasisho, itapata zamu 30 wakati jirani yake mwenye mkondo mmoja anapata moja. Kwa hiyo sikuishia kwenye FQ-CoDel. Nilitumia CAKE, mbinu nyingine ya kupanga foleni, ambayo vifaa hivi vinayo kuanzia toleo la 7 la mfumo wake. CAKE hugawa kwanza kati ya vifaa, ndipo igawe kati ya mikondo ya kila kifaa. Kuna kipengele kimoja kidogo ambacho bila hicho yote hayo yanapotea: lazima uiambie izingatie NAT, utaratibu unaozifanya kompyuta zote za ndani zitoke nje kwa anwani moja, la sivyo kwenye mlango wa nje itaziona kompyuta zote za jengo kama anwani moja na kugawa haki kwa mtu mmoja.

Niliwasha madaraja manne ya CAKE, kwa sababu yamepangwa kwa namna ninayoiheshimu. Daraja la sauti lina kipaumbele, lakini cha hadi robo ya kasi tu. Programu inayojiandikia alama ya sauti kisha ikavuta zaidi ya robo inapoteza upendeleo. Daraja la mizigo mizito, nalo, linaachiwa asilimia 6.25, ambayo kwetu ni kilobiti 225 kwa sekunde, hata siku ya msongamano mkubwa. Hakuna anayekufa njaa.

Hilo la mizigo mizito sikuliamua mwenyewe. Nilikwenda studio nikamweleza kijana kwamba ninaweza kuiwekea alama kompyuta yake ya kupakilia, ili kazi yake ipite nyuma ya wengine wakati jengo limejaa na ichukue laini yote wakati hakuna mtu. Aliuliza swali zuri: saa ngapi jengo huwa tupu? Tukatazama grafu pamoja. Kuanzia saa mbili usiku hadi alfajiri laini ilikuwa karibu haina mtu. "Basi iweke, kaka," alisema. "Za haraka nitakwambia." Nikamwachia namna ya kuiondoa alama hiyo mwenyewe siku ya haraka, bila kunipigia simu wala kuomba ruhusa kwa mwenye jengo.

Tulirudia kipimo cha pingi kwa faili lilelile. Milisekunde 12 ziliongezeka hadi 19, zikabaki hapo. Kupakia kwake kulikwenda kwa megabiti 3.6, na mtu alipofungua mkutano wa video chumba cha nyuma kukashuka karibu na 2.6 kwa muda wa mkutano, kisha kukapanda tena.

## Jioni

Jambo moja sijaridhika nalo. Laini ya jengo inakuja kwa redio, kutoka mnara hadi dishi dogo juu ya paa, na jioni watu wa mtaa wanaporudi nyumbani kasi halisi ya kupakia hushuka hadi megabiti 2.5. Wakati huo ruta yangu inaamini kwamba ina 3.6, foleni inahamia tena kwenye kisanduku cha ukutani, na haki yote niliyoipanga inabaki bila kazi.

Ningeweza kuibana iwe 2.4 siku nzima, lakini hiyo ni kuwanyang'anya watu wa asubuhi kwa ajili ya tatizo la jioni. Nimeweka ratiba ndani ya ruta: 3.6 hadi saa kumi na moja jioni, 2.4 kuanzia hapo hadi saa mbili usiku, kisha inarudi. Ni makisio juu ya tabia za mtaa mzima, na siku za sikukuu yatakosea. Ipo programu ya OpenWrt, mfumo huria wa kuendesha ruta, inayopima ucheleweshaji kila wakati na kurekebisha kikomo yenyewe. Naipenda, ila inadai kubadilisha ruta, na sioni haki kumwambia mwenye jengo anunue kifaa kingine kabla hiki hakijatumika ipasavyo.

Kwa wenzangu mnaohudumia shule na zahanati zenye laini ya megabiti moja tu ya kupakia, angalieni lile lengo la milisekunde 5. Kwa kasi hiyo pakiti moja kubwa peke yake huchukua milisekunde 12 kutoka, kwa hiyo CoDel iliyoachwa na lengo lake la kawaida itaona msongamano pasipo na msongamano. Lipandisheni hadi 15.

## Kununua zamu

Mshauri wa ghorofa ya juu alipata habari kwamba orodha haikutumika. Alinifuata mwenyewe, kwa adabu, akaniambia yuko tayari kuongeza kodi ili ofisi yake iwekwe mbele. Mwenye jengo naye akaniuliza faraghani kama inawezekana.

Inawezekana, na nilimwambia hivyo, kwa kuwa si kazi ya fundi kumficha mteja uwezo wa kifaa chake. Lakini nilimwambia pia kwamba intaneti imo ndani ya kodi ya kila chumba, na laini ni ileile ya megabiti 4. Zamu atakayomuuzia mshauri ataitoa kwa steshenari, kwa studio na kwa wanafunzi wa ukumbini, ambao wamekwisha kuilipia na hawatalipwa chochote. Kama ofisi ya juu inahitaji zaidi, ipo njia ya wazi zaidi: anunue laini yake ya pili, tuiingize kwenye ruta hiyohiyo, na trafiki ya ofisi yake ipite huko, huku wengine wakibaki na yao yote.

Mwenye jengo aliliona hilo kuwa jambo la maana, mshauri aliliona kuwa ghali. Nimeandika gharama ya laini hiyo na ya dishi lake, pamoja na kazi yangu, kwenye karatasi moja, nikaiacha mapokezi ili waipitie wote wawili. Wakati huohuo, kwenye ruta, kila kanuni nimeiwekea maelezo kwa Kiswahili yanayosema inafanya nini, iliwekwa kwa sababu gani na nani alikubali, ili fundi atakayekuja baada yangu akitaka kuibadilisha ajue anabadilisha makubaliano ya nani.

Majibu kuhusu laini ya pili bado nayasubiri.